Karatasi Tupu ya Mama Pacha

Chumba alichopewa Bi Nukta kufundishia hakikuwa darasa hasa. Kilikuwa stoo ya vifaa vya mafunzo ya uuguzi, na humo ndani, juu ya kitanda cha chuma chenye gurudumu moja bovu, alilala mwanasesere wa plastiki mkubwa kama mtu mzima, tumbo wazi, maini na utumbo nje nje. Wanafunzi walikwisha kumzoea. Aliyechelewa akakosa kiti aliketi miguuni pa mwanasesere, akaegemeza daftari kwenye yale magoti magumu, na somo la Kiingereza likaendelea.

Jina halisi la mwalimu lilibaki kwenye vyeti. Kwingine kote alikuwa Bi Nukta, na jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza kazini, kwa sababu hakuwahi kusoma insha ya mtoto bila kupaza sauti: "Nukta iko wapi? Utakata roho, mwanangu, weka nukta upumue!" Alifundisha Kiingereza sekondari miaka thelathini na miwili. Alipostaafu alidhani atapumzika. Akapumzika miezi minne, na katika miezi hiyo minne akawa hapiti dukani bila kumwambia mwenye duka kwamba bango lake limekosewa. Mumewe, dereva wa malori mstaafu, akamwambia, "Mama, tafuta kazi kabla hujapigwa."

Kazi ikamtafuta yeye. Chuo cha uuguzi kilikuwa na wauguzi wasaidizi waliotaka kupanda daraja. Watu wazima hawa, wenye miaka kumi na zaidi wodini, ndio wanaoosha wagonjwa, wanaobadilisha mashuka na kupima joto la mwili. Ili wawe wauguzi kamili walitakiwa kufaulu karatasi tatu. Mbili za uuguzi walizipita bila jasho. Ya tatu ilikuwa ya Kiingereza, yenye sarufi, msamiati na ufahamu, na hiyo ilikuwa inawafyeka kama majani. Bi Nukta akaitwa awanusuru, mara tatu kwa wiki, saa nane mchana mpaka saa kumi.

Alianza na moyo mweupe. Haukuisha mwezi akawa anarudi nyumbani ameuma meno.

Maneno makubwa hayakuwasumbua wanafunzi wake. Waliyatamka kwa madaha, marefu marefu, kama watu wanaomeza vidonge bila maji. Vilivyowaangusha ni vijineno vidogo. Siku moja aliandika ubaoni, "The patient hardly ate", yaani mgonjwa hakula karibu chochote. Akauliza maana. Darasa zima likamjibu kwa sauti moja kwamba mgonjwa alikula kwa bidii.

"Kwa bidii!" Bi Nukta alishika kichwa. "Mgonjwa anakufa njaa kitandani, na ninyi mnaandika kwenye faili kwamba anakula kwa bidii! Mungu anisaidie nisilazwe kwenu."

Wakacheka. Walimpenda, na hilo ndilo lililomchosha zaidi, maana walimpenda, wakacheka, halafu wakarudia kosa lile lile.

Lakini lililomnyima raha kabisa lilikuwa ufahamu. Wanafunzi walikuwa na mbinu yao, nayo ilikuwa imekwisha kukomaa toka shule ya msingi. Hawakusoma habari. Walisoma swali, wakachukua neno moja la swali, wakalitafuta kwenye habari kwa kidole, na wakilipata tu wanainakili sentensi nzima, toka herufi kubwa mpaka nukta. Wiki ya tano aliwapa habari ya mfuga nyuki. Mpiga chapa alikuwa amekosea mahali pamoja, badala ya "bees" akaandika "bess". Bi Nukta mwenyewe hakuliona kosa lile mpaka aliposahihisha, na alipoliona lilikuwa limeandikwa kwenye karatasi thelathini. Thelathini! Hakuna hata mmoja aliyejiuliza "bess" ni mdudu gani.

Ukiacha watoro wawili, darasa lilikuwa na watu thelathini na mmoja. Yule wa thelathini na moja hakuliandika kosa kwa sababu hakufika hapo. Huyo alikuwa Mama Pacha.

Mama Pacha alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitatu, mnene kidogo, mpole, wa wodi ya wazazi. Pacha wenyewe walikwisha kuwa watu wazima wenye ndevu, lakini jina lilibaki. Alisoma kwa kidole na kwa midomo, neno baada ya neno, na kila alipokwama alifungua kamusi yake iliyopoteza jalada, aliyoifunga kwa mpira wa nywele. Wenzake wakiwa wamemaliza, wamejinyoosha, wameanza kuongea habari za zamu, yeye yuko aya ya pili.

"Mama Pacha, twende, twende!" Bi Nukta angesema.

"Nakuja, Mwalimu," angejibu bila kuinua kichwa, kama mtu aliyeitwa kutoka mbali.

Hakuwa anafika. Kila jaribio alipata alama ishirini, ishirini na mbili. Bi Nukta alimwonea huruma kwanza, halafu huruma ikageuka uchovu, na uchovu ule, lazima isemwe, ukawa na dharau ndani yake.

Ndipo Mkuu wa chuo alipomwita ofisini. Mkuu alikuwa mtu wa kola safi na tabasamu la kudumu. Nyuma ya kiti chake alikuwa amebandika chati ya matokeo ya miaka sita, mistari ya rangi ikipanda na kushuka, na aliiongelea kama mzazi anavyoongelea watoto.

"Bi Mkubwa, kazi yako naisikia," alisema. "Sasa nisaidie jambo dogo. Nipe majina matatu ya wale watakaotuangusha. Wapumzike msimu huu, wajipange, waje mwakani."

"Hawataki kupumzika, Mkuu. Wamejiandikisha."

"Tunawaondolea aibu. Ni huruma tu."

Bi Nukta alichukua kalamu. Mawili yalikuwa ya watu ambao sura zao alikuwa anazisahau kwa jinsi walivyokosa masomo. La tatu aliandika la Mama Pacha. Alijiambia kweli ni huruma, na siku ile akaamini.

Jioni ile alimkuta mumewe barazani anachambua mchele kwenye sinia, miwani kwenye ncha ya pua. Akajitupa kwenye kiti, akammwagia yote kuhusu nyuki na "bess" na watu thelathini.

Mumewe akacheka mpaka mchele ukamwagika. "Mimi nimeendesha lori nchi za watu miaka ishirini na Kiingereza cha maneno mawili," alisema. "Nikisimamishwa na askari, yeyote, popote, namsikiliza. Neno la mwisho atakalosema ndilo namrudishia. Akisema sijui nini 'papers', nasema 'papers, sir'. Akisema sijui nini 'tomorrow', nasema 'tomorrow, sir'. Hakuna aliyewahi kunishtukia."

"Hilo si jambo la kujisifia, Baba."

"Nakwambia tu. Hao wako wala hawahitaji Kiingereza. Wape maneno ya uongo, yasiyokuwepo duniani, watakujibu vile vile."

Bi Nukta alivuta mkoba wake. Mumewe alipoinua macho alimkuta amekwisha kuchukua daftari.

Alitunga habari ya aya nne. Kila neno lenye uzito lilikuwa la kubuni, na lililobaki lilikuwa mifupa mitupu ya sarufi. Ilianza hivi: "Old Brandock plimmed his tarrows behind the grunnel." Yaani mzee Brandock aliziplimu tarro zake nyuma ya granoli, na hapo mtu asijisumbue, kwa kuwa kuplimu si kitu, tarro si kitu, wala granoli haijapata kuwepo. Chini yake akaweka maswali kumi. Mzee Brandock aliplimu nini? Aliziplimu wapi? Kwa nini tarro ya saba ilifrindika?

Jumatano akaigawa bila kusema neno. Akaketi pembeni ya mwanasesere, akawatazama. Moyo wake ulikuwa unasali kwamba mmoja, mmoja tu, ainue mkono aseme, Mwalimu, hivi ni vitu gani? Vidole vikaanza kutembea kwenye karatasi. Kalamu zikaanza kukwaruza. Baada ya dakika ishirini Profesa akawa wa kwanza kukusanya. Profesa alikuwa kijana mwembamba wa wodi ya mifupa, mwenye kalamu nne mfukoni, hodari kuliko wote, na jina hilo alijipa mwenyewe.

"Leo umetuhurumia, Mwalimu," alisema kwa furaha. "Rahisi kweli."

Bi Nukta akaipokea karatasi, akaificha chini ya daftari.

Akasahihisha palepale walipotoka. Kumi kwa kumi. Kumi kwa kumi. Tisa. Kumi. Mzee Brandock alikuwa ameziplimu tarro zake mara thelathini, kwa mwandiko wa kila namna. Karatasi ya mwisho ilikuwa tupu. Mistari kumi ya majibu haikuwa na kitu, na chini kabisa, kwa herufi zilizokaa sawasawa kama mashuka yaliyokunjwa, Mama Pacha alikuwa ameandika sentensi tatu kwa Kiingereza: Mwalimu, maneno haya siyajui. Natafuta kwenye kamusi, hayamo. Samahani sana.

Aliandika "I look" badala ya "I looked". Bi Nukta aliliona kosa lile kabla hajaona kingine chochote, na kalamu nyekundu ilikwisha kuinuka. Halafu akaelewa alichokishika, akaiweka kalamu chini. Katika darasa lake zima kulikuwa na msomaji mmoja, na msomaji huyo yeye mwenyewe, kwa mkono wake, alikuwa amempeleka akakatwe jina.

Ijumaa alirudisha karatasi. Akamwuliza Profesa, "Kuplimu ni kufanya nini?"

Profesa akatazama karatasi yake, akatazama dari. "Ni... kitendo, Mwalimu."

"Kitendo gani?"

Akamwuliza mwingine, na mwingine. Akawaambia ukweli. Alidhani watacheka kama kawaida yao, lakini hawakucheka. Mama mmoja wa wodi ya watoto akasema kwa uchungu kwamba yeye ametoka zamu ya saa kumi na mbili mfululizo, hajaingia nyumbani, kumbe anafanyiwa mchezo. Wengine wakaguna kumwunga mkono. Profesa akasimama.

"Mwalimu, kwa heshima zote. Mtihani hauulizi maana. Mtihani unauliza jibu. Sisi tumetoa jibu, na wewe mwenyewe umetupa kumi. Kosa letu liko wapi?"

Bi Nukta akaanza kuzikusanya tena zile karatasi. Miaka thelathini na miwili ya kazi, na kijana alikuwa amemwambia kweli tupu.

Mama Pacha alikuwa bado hajairudisha ya kwake. Alikuwa anaitazama karatasi yake, ambayo safari hii Bi Nukta alikuwa ameiandikia juu, "Wewe peke yako ndiye uliyesoma." Alikuwa anaisoma sentensi ile kwa kidole.

Bi Nukta akaenda mbio kwa Mkuu na zile karatasi kwapani. Akamweleza habari ya maneno ya uongo tangu mwanzo, akadhani amemweleza vizuri. Mkuu akazipekua moja moja, uso unazidi kung'aa.

"Thelathini wamepasi kati ya thelathini na mmoja! Bi Mkubwa, hii sijapata kuiona!"

"Mkuu, hujanisikia. Habari haina maana. Ni upuuzi mtupu, nimeutunga mimi."

"Na bado wamefaulu! Je, wakipewa yenye maana?" Akaichomoa karatasi tupu. "Na huyu sifuri ni nani? Aa, si yumo kwenye orodha yako? Jicho lako kali, Mwalimu."

"Nimekuja kumtoa kwenye orodha. Nilikosea. Huyu ndiye pekee anayesoma!"

Tabasamu la Mkuu halikuondoka, ila lilipoa. Orodha ilikwisha kwenda ofisi ya mitihani tangu Jumatatu, alisema, na imebandikwa kwenye ubao wa matangazo. Yeye hana mamlaka ya kuirudisha. Kama Bi Mkubwa ana muda wa kupoteza, ofisi ile anaijua ilipo.

Kweli ilikuwa imebandikwa. Na Mama Pacha alikuwa ameiona, kwa maana alisimama mbele ya ubao ule na kidole chake, na bado Jumatatu iliyofuata alikuja darasani kama kawaida, akaketi miguuni pa mwanasesere, akafungua mpira wa kamusi yake. Bi Nukta alifundisha saa mbili nzima bila kuweza kutazama upande ule.

Ofisi ya mitihani ilikuwa ghorofa ya tatu, na lifti ilikuwa na karatasi ya "haifanyi kazi" iliyochakaa kuliko lifti yenyewe. Mara ya kwanza karani hakuwepo. Mara ya pili alikuwepo ila alikuwa na kikao. Mara ya tatu, siku ya kumi na nne tangu orodha kupelekwa, Bi Nukta alipanda ngazi zile akihema, magoti yanamlilia, akamkuta karani amekaa anapepea kwa faili.

"Haiwezekani, Mama," karani alisema kabla hajamaliza kuelezwa. Akageuza kitabu cha kanuni, akaweka kidole. "Soma mwenyewe. 'No name shall be restored...' Hakuna jina litakalorudishwa."

"Endelea."

"Hapo ndipo penye kanuni."

"Sentensi haijaisha, baba. Nukta iko wapi? Endelea mpaka nukta."

Karani akashusha pumzi, akasoma kama mtu anayemridhisha mtoto: "'...unless the tutor so requests in writing within fourteen days.' Umeona? Hata mwalimu akiomba kwa maandishi ndani ya siku kumi na nne, hakuna kurudishwa."

Bi Nukta alishika ukingo wa kaunta. Damu ilimpanda mpaka masikioni. Kijineno cha jamii ile ile ya 'hardly'! Alikuwa amekifukuza darasani wiki zote hizi, kumbe kimepanda ghorofa ya tatu, kimevaa tai, kimekaa nyuma ya kaunta na muhuri mkononi.

"'Unless' si 'hata'," alisema polepole. "'Unless' ni isipokuwa. Hakuna jina litakalorudishwa isipokuwa mwalimu aombe. Mwalimu ni mimi. Maandishi haya hapa. Siku ya kumi na nne ni leo."

"Mama, mimi nimekaa hapa miaka saba. Hatujawahi kurudisha jina."

"Basi miaka saba mmekuwa mkikosea!"

Watu waliokuwa kwenye benchi wakageuka. Karani akaita mkubwa wake. Mkubwa akaja, akasoma kanuni, akasema "haiwezekani," akasoma tena, akakuna kidevu. Akachukua kitabu, akaingia nacho ofisini, akafunga mlango. Alikaa ndani karibu saa nzima. Alipotoka hakumtazama Bi Nukta usoni. Alimwambia karani tu, "Mpe fomu," na karani akalazimika kuitafuta, kwa kuwa haikuwahi kuombwa.

Jina likarudi. Hakuna aliyehitaji kujua lilivyotoka, na Bi Nukta aliwaza hivyo njia nzima. Mama Pacha aliamini kutolewa kwake ni kazi ya Mkuu, na Mkuu hangejisumbua kumweleza zaidi. Lakini kesho yake miguu ikampeleka mpaka wodi ya wazazi. Akamkuta kwenye korido anakunja mashuka, akashika ncha mbili za shuka moja wakalikunja pamoja, hatua mbele, hatua nyuma.

"Jina lako limerudi," alisema. "Utafanya mtihani."

Mama Pacha akafumba macho. "Ahsante, Mwalimu. Mkuu ameniona kumbe."

"Si Mkuu aliyekutoa. Alinitaka majina, na lako nikaliandika mimi."

Shuka likasimama katikati yao. Mama Pacha hakuinua sauti. "Wewe?"

"Mimi. Nilikuona mzito. Sikuwa nimekusoma vizuri."

Mama Pacha alimalizia kulikunja shuka peke yake, akaliweka juu ya mengine, akalisawazisha kwa kiganja.

"Miaka kumi na minane niko hapa," alisema. "Madaktari vijana wanakuja, nawaonyesha mtoto amelalaje tumboni kwa mkono wangu huu. Halafu wananiandikia maelekezo kwa Kiingereza na wanaondoka. Nasoma polepole kwa kuwa nikikosea neno moja kuna mtu analia. Ulidhani mimi mjinga?"

"Ndiyo," Bi Nukta alisema. Lilikuwa neno gumu kuliko yote aliyowahi kutamka.

"Haya. Niache nimalize mashuka."

Wiki nzima Mama Pacha hakumsalimu. Alikuja darasani, akasoma, akaondoka. Wiki ya pili alibaki wenzake walipotoka, akasema bila utangulizi, "Mtihani una saa mbili. Nifundishe kwenda haraka."

Hapo ndipo Bi Nukta alipoonja uchungu mwingine. Njia ya haraka aliyoijua ilikuwa moja, kusoma maswali kwanza, halafu kuyatafutia majibu kwenye habari.

"Huo si ule wizi wa akina Profesa?" Mama Pacha aliuliza.

"Si wizi ukielewa unachokitafuta."

"Nitajuaje nakielewa kabla sijakisoma chote?"

Walibishana wiki tatu, mchana baada ya mchana, mmoja ameshika saa, mwingine ameshika kamusi. Bi Nukta alimpora kamusi, Mama Pacha akaidai irudishwe. Bi Nukta alipiga meza. Mama Pacha alisema ule usemi wake, "Nakuja," na Bi Nukta akatamani kulia, kwa sababu alikuwa anamlazimisha mtu pekee anayesoma aache kusoma.

Mtihani ulikuwa na habari tatu. Mama Pacha alitoka chumbani wa mwisho kabisa, akamhadithia Bi Nukta majibu yake moja moja wakiwa wamesimama kwenye jua. Sarufi ilikuwa na makosa ya hapa na pale. Habari ya kwanza, yote sahihi. Ya pili, yote sahihi. Ya tatu hakuifikia.

Matokeo yakatoka. Alama ya kupasi ilikuwa hamsini, na Mama Pacha alipata arobaini na nane. Waliofaulu walikuwa ishirini na saba, Profesa akiwa wa kwanza kwa themanini na moja. Mstari wa chati ya Mkuu ukapaa mpaka ikabidi aunganishe karatasi nyingine juu.

Wakafanya sherehe ukumbini. Bi Nukta akaitwa mbele kuwa Mwalimu Bora wa Mwaka, akapewa cheti kwenye fremu. Alikisoma palepale jukwaani, kwa kuwa hakujua kushika karatasi bila kuisoma, na mstari wa tatu ukasema jitihada zake "have lead" chuo kwenye ushindi. Mkuu akampa kipaza sauti.

"Nashukuru," alisema. "Mstari wa tatu una kosa. Ni 'led'. Na walioniletea sifa hii hawajui kusoma."

Ukumbi ukaangua kicheko. Walipiga makofi, wakapiga vigelegele, Profesa akafuta machozi ya kucheka. Walidhani ni utani wake wa kawaida. Bi Nukta akashuka jukwaani na fremu yake, na hakuna aliyeona kwamba ana hasira. Nyumbani akamwambia mumewe kwamba anaacha kazi. Mumewe akasema sawa. Jumatatu akaivaa miwani yake, akaenda.

Alikwenda kwa sababu Mama Pacha alijiandikisha tena, na kwa sababu kulikuwa na sura mpya thelathini na nne, na vidole thelathini na vinne vinavyotembea kwenye karatasi. Kwa hao alianza upya, akakasirika upya. Aliwaandikia wakubwa wa mitihani barua tatu kuomba maswali yanayouliza maana. Moja ilijibiwa: walishukuru kwa maoni yake.

Mama Pacha alisoma miezi sita mingine. Hakuwahi kuwa mwepesi. Ila alisoma sana, kila alichokutana nacho, vikaratasi vya dawa, maelekezo ya mashine ya kupimia mapigo, magazeti ya zamani, na polepole yake ikawa na maneno machache zaidi ya kumsimamisha. Msimu wa pili aliifikia habari ya tatu zikiwa zimebaki dakika kumi na moja. Alipata hamsini na sita.

Siku aliyopata matokeo hakupiga simu. Alikuja mwenyewe nyumbani kwa Bi Nukta, saa tisa mchana, bado yuko na sare. Mume wa Bi Nukta alimkaribisha barazani, akampongeza mara tatu, akaleta chai. Bi Nukta alikuwa na hotuba moyoni. Hakupata nafasi ya kuitoa.

"Mwalimu, nimepasi, ndiyo, lakini kuna swali wamenionea," Mama Pacha alisema, na akatoa kipande cha karatasi alichokinakili kwa kumbukumbu. "Kwenye habari, mama amepona. Imeandikwa, 'She could not thank the nurse enough.' Wakauliza, mama huyo alimshukuruje muuguzi? Mimi nimeandika hakumshukuru vya kutosha. Kwa vyovyote wameniwekea kosa."

"Ni kosa," Bi Nukta alisema. "Maana yake alishukuru sana. Alishukuru mno."

"Mno iko wapi hapo? Imeandikwa hakuweza kushukuru vya kutosha. Kama hazikutosha, hazikutosha."

"Hazikutosha kwa kuwa wema ulikuwa mkubwa, si kwa kuwa shukrani zilikuwa ndogo!"

"Hilo umeliongeza wewe. Nionyeshe neno."

Bi Nukta alikichukua kile kikaratasi. Alikisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga, akaivaa, akasoma tena kwa kidole.

"Baba," alimwita mumewe bila kuinua macho, "hebu niletee kamusi ile kubwa."

"Ya nini tena? Mwenzio amepasi!"

"Niletee tu."

Mama Pacha alikwisha kuvuta kiti karibu. Chai ilikuwa inapoa, na hakuna aliyeigusa.